Unyusi wa Kaka Yangu

Wifi yangu Manubia hakupata kupigwa na mumewe hata kofi moja, na ndiyo maana alikosa shahidi. Mwanamke aliyevunjwa jino huonyesha pengo. Yeye angeonyesha nini? Mumewe, kaka yangu Monji, hakumtukana, hakumnyima chakula, hakulala nje. Alichokuwa nacho ni unyusi wa kushoto.

Najua mtacheka. Nami ningecheka, kama nisingekulia chini ya unyusi huohuo, enzi zile ulipokuwa usoni kwa baba yetu kule Ghomrasen, kusini. Baba alikuwa akiuinua polepole, kama mtu anayevuta pazia aone nani anabisha nje, na sisi watoto tukanyamaza mpaka vijiko vikanyamaza. Hakuna aliyeuogopa kuliko Monji. Baba alipokufa, Monji akaurithi unyusi, pamoja na karai na duka la maandazi mjini Tunis, pale Bab el Khadra.

Dukani ulikuwa mzaha. Monji hukaa juu ya jukwaa lake la vigae, miguu ameikunja, mafuta yanachemka mbele yake, na mteja akilalamika kwamba andazi ni dogo, unyusi unapanda. Mteja anaomba radhi, ananunua na la pili. Watu wa mtaa walikuwa wakileta wageni waje kuuona. "Ami Monji," walimwambia, "ungekuwa hakimu, wezi wangejifunga wenyewe." Yeye akikaanga tu.

Nyumbani haukuwa mzaha. Mimi ni mjane, nakaa chumba cha chini katika nyumba ileile, na kwa miaka ishirini na sita nilimwona Manubia akiishi kama mtu anayetembea na sahani iliyojaa maji. Aliusoma uso wa mumewe kabla hajavua viatu. Alijua kwa hatua zake za ngazini kama leo maandazi yalitoka vizuri. Wakati mmoja alitaka kujiunga na darasa la ushonaji, lile la kina mama karibu na posta. Akalitaja mezani. Unyusi ukapanda. Akasema, "Basi, si lazima." Binti yao Rim alipokuwa shule alitakiwa kwenda safari na wenzake hadi Kairuan. Unyusi. "Basi, si lazima." Tulialikwa harusi ya binamu yetu. "Basi, si lazima."

Angalieni hapo. Anayesema ni yeye. Kila mara ni yeye. Monji hakupata kusema hapana hata siku moja, na hata leo anaweza kushika msahafu akaapa, na kiapo chake kitakuwa cha kweli.

Niliwahi kumuuliza, "Wifi, unaogopa nini hasa? Atakufanya nini?"

Akafikiri kwa dhati, kama mtu aliyeulizwa njia. "Sijui atanifanya nini. Hajanifanya kitu. Ila, Jannat, tumbo langu linatangulia. Unyusi ukisogea tu, ni kama mtu amenimwagia maji ya kisima humu ndani. Nikija kuanza kufikiri, mdomo umeshasema 'si lazima' na mambo yamekwisha."

Mwaka ule mama yake alipougua ilikuwa Ramadhani, na Ramadhani ndio msimu wetu. Monji huacha maandazi akakaanga zelabia, na nyumba nzima hunuka asali. Kaka yake Manubia akapiga simu kutoka Ghomrasen: Mama anakuulizia, njoo. Manubia akashuka mpaka dukani, ushungi umekaa upande. Mimi nilikuwepo, nikichuja asali. Lazhar, mfanyakazi wa Monji, alikuwepo naye.

"Mama hajiwezi," Manubia akasema.

Monji akageuka, mwiko mkononi. Unyusi ukapanda, na mara hii ulipanda hadi karibu na kofia.

"Basi," akasema Manubia. "Baada ya Idi."

Mama yake hakuifikia Idi. Alizikwa binti akiwa anachovya zelabia kwenye asali. Na Manubia hakulia. Alianza kuumwa kichwa, kichwa cha kufunga macho kwa kitambaa, na akawa anasugua sinki ambalo limekwisha kung'aa. Wanawake waliokuja kutoa pole wakasema ana subira. Subira! Nilikaa nao nikanywa kahawa yao, na sikujua nimkasirikie nani, maana mwenye kosa alikuwa kajikunyata usoni kwa kaka yangu na hakuna polisi anayekamata nywele.

Miaka ikapita hivyo. Halafu, asubuhi moja ya Januari, Monji alitoka kwenye joto la karai akasimama mlangoni kupigwa na upepo, kama afanyavyo kila siku, akarudi ndani kunywa kahawa. Kahawa ikamwagika kidevuni.

"Ami Monji," akasema Lazhar, "leo umeamka na furaha gani? Unatabasamu."

"Nani anatabasamu?" akafoka Monji, na maneno yakatoka yamelowa, upande mmoja.

Nusu ya uso wake ilikuwa imeanguka. Shavu la kushoto limelegea, jicho halifumbi, na kona ya kulia ya mdomo, kwa kukosa mwenzake wa kuvutana naye, imepanda juu kama ya mtu anayemdharau mtu. Unyusi wa kushoto ulikuwa umelala juu ya jicho kama kiwavi aliyekufa.

Mtaa ukajaa waganga. Jirani yetu wa mbele, Bi Shadlia, akasema ni jini limempiga kofi, na dawa yake ni kumpiga kofi jingine upande wa pili, kwa ndara ya mwanamke aliyeolewa mara moja tu. Akavua kabisa yake. Tulimpeleka hospitali kabla hajalengwa. Daktari, mwanamke mwenye haraka, akampima mikono na miguu, akasema si kiharusi. Ni mshipa wa uso umevimba, na kwa watu wengi hurudi wenyewe, baada ya wiki kadhaa au miezi. Akatoa vidonge, na dawa ya kudondoshea jichoni. Kisha akamgeukia Manubia.

"Mama, utamsaidia mazoezi. Kila asubuhi ajitazame kwenye kioo, ajaribu kuinua unyusi. Ukikataa, mwinulie kwa kidole, taratibu, mpaka juu. Misuli isisahau kazi yake."

"Sawa, daktari," akasema Manubia.

Siku chache za mwanzo zilikuwa za kuuguzana tu. Kisha mchana mmoja Manubia akashuka chumbani kwangu, akakaa kitandani, mikono mapajani.

"Jannat, nadhani naumwa."

"Unaumwa wapi?"

"Si maumivu. Jana supu ilikuwa na chumvi nyingi. Nilionja mwenyewe, nikajua. Akanywa kijiko, akanitazama. Nikangoja." Akajishika tumbo. "Hakuna kitu. Yale maji hayakumwagika. Akatazama, nami nikatazama, kisha nikamwambia, kama ina chumvi ongeza maji. Nikaendelea kula."

"Na yeye?"

"Akaongeza maji."

Tukacheka mpaka tukashikana. Lakini yeye aliacha kucheka kabla yangu. Ilikuwa kama jokofu bovu ambalo linanguruma miaka yote, siku likizimika ndipo unajua kulikuwa na kelele. Alikaa anasikiliza ule ukimya wa tumboni mwake, na uso wake haukuwa wa mtu aliyepona.

Maana hofu ilipoondoka, chini yake palikuwa na kitu kimelaliwa, na kitu hicho sasa kikaanza kujinyoosha. Mimi nilidhani mtu akiacha kuogopa anapata raha. Manubia alipata hasira. Na hasira yenyewe haikuijua nyumba. Ilibisha kila mlango isipokuwa wake. Alimfokea muuza gesi kwa sababu mtungi ulikuwa na vumbi. Alimrarulia Rim daftari? La, hakurarua, ila alilirusha, kwa kuwa lilikuwa juu ya meza ya chakula. Mimi aliniambia, nami sijamfanya chochote, "Wewe kazi yako kukaa chini kama paka na kusikiliza ngazi." Alikata pilipili kwa kisu kana kwamba kila moja ina jina. Mikono ilikuwa ya moto. Alikuwa akiipitisha chini ya bomba la maji baridi, Januari hiyo, akinishangaa kuvaa sweta.

"Nina nini, Jannat?" aliniuliza baada ya kuniomba radhi. "Sijapata kuwa mtu wa hivi."

"Umekasirika."

"Na nini?"

Hakuwa anajua. Wallahi, hakuwa anajua.

Alikuja kujua Ijumaa moja asubuhi, na mimi nilikuwa mlangoni nikiwa nimeshika bakuli la machungwa. Monji amekaa kwenye kiti karibu na dirisha, kioo kakiegemeza kwenye magoti. Manubia amesimama nyuma yake, kidole chake cha shahada kimewekwa juu ya unyusi wa mumewe.

"Juu," akasema Monji. Alikuwa na haraka ya dukani. "Juu zaidi. Daktari alisema mpaka juu."

Kidole hakikusogea.

"Unangoja nini?"

"Niuinue," akasema Manubia polepole. "Mimi. Kwa kidole changu."

"Sasa aje nani? Nimwite Shadlia na ndara yake?"

"Unataka nikunolee kisu, Bwana Monji? Nikishanoa, nikushikishe na mpini?"

"Kisu gani tena? Mwanamke, umepatwa na nini?"

"Mama yangu alipokuwa anakata roho nilikuja dukani."

"Mungu amrehemu. Mama yako na mshipa wangu wana udugu gani?"

"Ulikuwa na mwiko mkononi."

"Nilikuwa nao, ndiyo! Ukasema utakwenda baada ya Idi. Ulisema mwenyewe! Huyu hapa Jannat alikuwepo, Lazhar alikuwepo. Mimi nilikukataza? Nilifungua mdomo?"

"Hukufungua mdomo."

"Haya! Umesikia, Jannat?"

"Ulifungua huu!" Na Manubia akausukuma unyusi kwa kidole mpaka juu, kwa nguvu, jicho likatoka jeupe kama la samaki mezani. "Huu! Huu ndio uliomzika mama yangu bila mimi! Darasa la ushonaji, huu! Kairuan ya mwanangu, huu! Ishirini na sita, Monji, miaka ishirini na sita naongozwa na nywele!"

Monji aliupangua mkono wake, akasimama, kioo kikaanguka kwenye zulia. Alikasirika, namjua, alikasirika kupita kiasi. Lakini uso haukuwa na uwezo wa kukasirika. Nusu ya kushoto ilibaki imelala, na ya kulia ikavuta mdomo juu, ikavuta, mpaka ikawa kicheko kamili cha dharau.

"Unacheka?" Sauti ya Manubia ilipasuka. "Nakutajia kaburi la mama yangu, unacheka?"

"Sicheki! Wallahi sicheki, ni huu uso, uso unajifanya—"

"Ehee! Basi sasa umejua! Sasa umejua uso unavyosema ambalo mdomo haukulisema! Haya jitetee! Mwambie mtu kwamba hukucheka, tuone nani atakuamini!"

Machungwa yalikuwa yamenitoka mikononi, yakibingirika hadi miguuni kwa Monji, na hakuna aliyeinama kuyaokota.

"Rim!" Manubia akaita. "Niletee begi langu la safari."

Aliondoka jioni hiyohiyo kwa basi la kusini. Hakumwuliza mtu.

Mtaani ikawa habari. Bi Shadlia alinikamata kwa muuza mboga, akaniambia, "Si nilisema? Jini limemtoka mume likamwingia mke. Mwanamke mpole kama yule! Nyumba ile husikii hata mlango ukifungwa."

"Bi Shadlia," nikamwambia, "jini likikuingia wewe, nitalihurumia lenyewe."

Nilipanda kumpelekea kaka yangu chakula. Alikuwa amekaa na kitambaa juu ya jicho, maandazi ya asubuhi yamepoa mbele yake. Hakusalimu.

"Nimemfanya nini?" akasema. "Niambie wewe. Nilimpiga? Nilimtukana? Nilileta mwanamke? Nimefanya kazi tangu nina meno ya utotoni. Halafu mtu ananihukumu kwa unyusi! Mahakama gani hiyo?"

"Unamkumbuka Baba alivyokuwa akiuinua?"

"Baba hakunigusa maisha yake yote."

"Hakukugusa. Na wewe ulikojoa godoro mpaka ukaota ndevu."

Alinigeukia. Nikaona misuli ya paji la uso ikihangaika chini ya ngozi, ikitafuta njia ya zamani, na njia imefungwa. Kwa kuwa hakuwa na namna nyingine, akapiga kelele. "Nyamaza, Jannat! Nyamaza, toka nje!" Ilikuwa mara ya kwanza maishani nimsikie kaka yangu akipaza sauti ndani ya nyumba, na, mtanishangaa, sikuogopa. Kelele ina mwanzo na mwisho. Unaweza kuijibu.

"Sitoki," nikasema. "Chakula changu kitapoa. Kula."

Alikula kidogo, supu ikimtoka upande. Baadaye, bila kuulizwa, akasema akitazama bakuli, "Siku ile ya simu sikukasirika."

"Ulifanya nini?"

"Niliogopa. Mama yake hakunipenda tangu posa. Nilisema moyoni, akifika kule, mama atamwambia baki, naye atabaki. Msimu wote ule, mimi na Lazhar tu. Niliogopa, basi."

"Na uso ulisema nini?"

"Nitajuaje uso wangu ulisema nini? Wewe umewahi kuuona wako?"

Mwingine angemhurumia hapo. Mimi sikumhurumia. Hasira ilinipanda upya, kubwa kuliko ya mwanzo, kwa sababu sasa nilijua kwamba mwanamke amenyimwa kumzika mama yake si kwa ukali, bali kwa woga wa mtu mzima uliovaa nguo za ukali. Watu wawili wameogopana siku ileile, juu ya sufuria moja ya asali, na mmoja tu ndiye aliyelipa. Nikamwambia hivyo. Nikachukua bakuli, nikashuka.

Ya Ghomrasen nilihadithiwa na Manubia mwenyewe. Alidhani akifika kaburini machozi yatatoka, atulie, arudi. Hayakutoka. Alisimama kwenye upepo wa vumbi akakuta amemkasirikia hata marehemu. Siku ya harusi yake mama alimshika kidevu akamwambia, "Mwanangu, mtazame mumeo usoni, utajua la kufanya." Basi alikuwa ametazama! Miaka yote ametazama! Akamwambia mama yake hayo kwa sauti, peke yake pale mlimani, akamwambia na mengine ambayo hakunisimulia. Kaka yake alimkuta pale, akasema kwa nia njema, "Usijilaumu, dada, ulikuwa na kazi." Ndipo akalia, lakini alilia kwa ghadhabu, akimpiga kaka yake kifuani kwa ngumi. "Sikuwa na kazi! Sikuwa na kazi! Niliogopa!"

Alirudi baada ya wiki. Nilimfungulia mlango wa chini.

"Nilidhani utakaa," nikasema.

"Nikae kwa nani? Sijamaliza kusema."

Kweli hakuwa amemaliza. Alipanda, na siku zilizofuata nyumba yetu ilisikika mpaka barabarani. Alitoa moja moja: safari, harusi, ushonaji, rangi ya kuta, jina ambalo alitaka kumpa Rim. Monji alijibu vibaya, alijibu ovyo, alitoka akabamiza mlango, akarudi, akakuta mada iko palepale inamngoja. Jambo alilokuwa akililia zaidi ni kwamba haaminiwi. Alikwenda kumposea mpwa wetu mke, kule ukweni wakamwona anawadharau na wakakasirika. Alikwenda mazishini, mtoto wa marehemu akamwuliza kinachomchekesha. Alirudi anatukana. Manubia alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema tu, "Inauma, ee?" na akaendelea kumenya karoti.

Ramadhani ikaingia. Uso wa Monji ulikuwa umeanza kurudi. Jicho lilifumba, kahawa haikumwagika tena. Jioni moja tulikuwa tunafuturu sote wanne. Tulikuwa tumemaliza tende na supu, Manubia anagawa saladi.

"Kumi la mwisho nakwenda Ghomrasen," akasema. "Kaka anamsomea Mama hitima."

Na unyusi ukapanda.

Haukupanda vizuri. Ulitetemeka, ukapanda nusu, ukapumzika, ukamalizia. Lakini ulifika. Rim aliweka glasi yake chini. Mimi nilimwona baba yetu amekaa pale, amefufuka, anakula futari.

Manubia alinieleza baadaye kwamba maji yalimwagika palepale, baridi ileile, kana kwamba hayakuondoka hata siku moja. Alikuwa amedhani hofu imekufa. Haikuwa imekufa, ilikuwa imelala kitanda kimoja na unyusi, na vimeamka pamoja.

"Basi," akasema, "si—"

Akakomea hapo. Sijui alipata wapi nguvu ya kuikata ile sentensi katikati. Nadhani ni kwa kuwa, katika ile miezi ya kelele, hasira nayo ilikuwa imejifunza njia ya kutokea, na sasa zilikutana mlangoni, hofu na hasira, na hasira ikapenya kwanza. Akaweka kijiko chini, akashika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

"Umeinua," akasema.

"Nimeinua nini?"

"Rim, mwonyeshe baba yako."

Rim akafungua kamera ya simu, akaigeuza, akamshikia usoni. Unyusi ulikuwa bado juu. Monji aliutazama. Alijitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia, na hakuwa na sura ya mtu anayefurahia kupona.

"Sasa mnataka nini?" akasema, sauti imekwaruza. "Mnataka nisiwe na uso?"

"Uwe na mdomo," akasema Manubia. Meno yake yalikuwa yakigongana, mlangoni mwa Machi, jiko likiwaka. "Kama unalo la kusema, liseme."

"Haya! Sitaki uende! Umesikia? Msimu huu nina nani? Lazhar mgongo unamuuma, Rim ana mitihani, asali haijachujwa! Sitaki! Nimesema, sitaki!"

"Ahsante," akasema Manubia. "Nimesikia. Na mimi nakwenda."

Monji alisukuma sahani, akashuka dukani kabla hata ya chai. Manubia alibaki ameshika meza. Nilimgusa mkono, ulikuwa barafu. Akaninong'oneza: "Jannat, nikisimama sasa nitaanguka." Tulikaa naye mpaka akaweza kusimama.

Alikwenda. Aliondoka na tumbo lake limejaa maji ya kisima, kwa maneno yake mwenyewe, na kwenye kituo cha basi alitapika mara moja. Kisha akapanda. Monji alikaanga zelabia na Lazhar mwenye mgongo mbovu, na asali nilichuja mimi, si kwa mapenzi. Hakunisemesha hadi Idi.

Sasa Monji amepona kabisa. Wateja wamerudi kumtania, naye anawainulia. Nyumbani unyusi bado unapanda; sidhani kama anaweza kuuzuia, kama vile mkewe asivyoweza kuzuia tumbo. Ila ukipanda, Manubia husema, "Sema!" kwa ukali ule wa kumfukuza kuku, na Monji husema, na mara nyingi anayoyasema ni ya kipumbavu, na hapo vita huanza. Mara nyingine mke hushindwa, husema "basi, si lazima" kabla hajajikamata, na siku hiyo hushuka kwangu amejaa sumu, amejikasirikia mwenyewe. Darasa la ushonaji alijiunga. Mikono yake ni mizito na mwalimu hampendi, naye hampendi mwalimu.

Bi Shadlia amenisimamisha tena juzi, mkono kifuani. "Maskini nyumba ya kaka yako," akasema. "Ilikuwa na amani! Tulikuwa tunawatolea mfano binti zetu."

"Wako hai," nikamwambia. "Wasalimie binti zako."

Jana waligombana tangu mchana, kisa pazia. Mmoja anataka zito, mmoja anataka jepesi, na mapazia yakawaleta kwenye mazishi, na mazishi yakawarudisha kwenye posa. Alasiri Manubia akashuka kuazima chekeche kwangu, mashavu mekundu, ushungi mabegani, pumzi juu juu. Akaona mkate wangu mezani. Akala nusu yake akiwa amesimama, na pilipili na zeituni, kwa njaa ya mtu aliyetoka kulima. Kisha akajipangusa mikono, akalichukua chekeche, akapanda juu kuendelea.